Picha Katika Vitabu: Namna Zilivyoingia, na Kazi Zifanyazo

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, leo tumekusudia kusema habari za jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulifikiri, nalo ni picha zitiwazo vitabuni. Mtu akifungua kitabu, jicho lake huenda kwanza penye picha, ndipo liyarudie maneno. Hata mzee asiyejua kusoma akishika gazeti huweza kukaa nalo kitambo kirefu, akigeuza karatasi moja moja. Lakini twasikia watu wakibishana. Wako wasemao kwamba picha ni za watoto, mtu mzima hazimfai. Na wako wasemao kwamba kitabu pasipo picha ni kama mchuzi usiotiwa chumvi. Mabishano hayo ni ya kale, tena yamekwisha kupimwa, kwanza kwa kazi ya vitabu vyenyewe, na baadaye kwa majaribio yenye hesabu.

Tuanze na Warumi. Katika zama zao alikuwako mtu mmoja mwenye elimu nyingi, jina lake Plinius, aliyefariki mwaka wa 79, siku mlima Vesuvius ulipotoa moto. Aliandika kitabu kikubwa cha habari za ulimwengu, na humo akawataja Wayunani watatu, Crateuas, Dionysius na Metrodorus, ambao waliandika habari za mitishamba kwa njia ya pekee: walikuwa wakiuchora mmea, kisha chini yake wakaeleza nguvu zake. Yaonekana ni njia njema. Walakini Plinius hakuisifu, naye alitoa sababu. Siku zile hapakuwa na mtambo wa kupiga chapa. Kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Sasa fikirini: neno “jani” likinakiliwa mara mia hubaki “jani”. Bali picha ya jani ikinakiliwa na mtu ambaye hakuuona mmea wenyewe, ncha yake yapotea. Katika nakala ya pili ua lageuka rangi. Na nakala ya kumi haijulikani tena kama ni dawa au ni sumu. Tena, alisema, mchoraji huuchora mmea katika hali moja tu, na mmea hubadilika kwa majira. Kwa sababu hizo waandishi wengine waliziacha picha wakaandika maneno matupu.

Taabu ile ya nakala ilipungua sana katika Ulaya ya karne ya 15, watu walipozoea kuchonga picha katika vibao vya mti na kuvipiga chapa pamoja na herufi. Kibao kimoja hutoa picha mia kwa mia, zote sawasawa. Mwaka wa 1542, katika mji wa Basel, tabibu Leonhart Fuchs alitoa kitabu cha mimea chenye picha zaidi ya 500. Aliwaweka wachoraji wawili na mchongaji mmoja, na mwishoni mwa kitabu akatia picha za nyuso zao, heshima ambayo mafundi wa kazi ile hawakuizoea. Lile neno la majira nalo lilipata dawa: mmea mmoja huonyeshwa una maua na matunda pamoja, ijapokuwa shambani havionekani kwa siku moja. Humo mna picha ya mahindi. Fuchs aliyaita nafaka ya Kituruki, akidhani kwamba yametoka upande wa Uturuki, na kumbe asili yake ni Amerika. Basi hapo maneno yalikosea na picha ikasema kweli. Mkulima wa kwetu akionyeshwa ukurasa ule ataujua muhindi mara moja, pasipo kuuliza Kilatini.

Lakini vitabu vya namna hiyo vilikuwa vya matabibu na wenye mali. Mtu aliyezitia picha mkononi mwa mtoto wa shule, kwa njia ambayo haijasahauliwa, ni Jan Amos Comenius, na hapa hatuna budi kukaa kidogo.

Comenius alizaliwa mwaka wa 1592 katika nchi ya Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Wazazi wake walikufa yeye angali mtoto, akachelewa kusoma. Alipoingia shule ya Kilatini katika mji wa Přerov alikuwa amepata miaka kama 16. Twadhani kuchelewa huko kulimfaa. Mtoto mdogo hufundishwa vibaya akanyamaza, akidhani ndiyo desturi ya ulimwengu, bali kijana mkubwa huangalia jinsi anavyofundishwa. Katika shule za siku zile wanafunzi walikaririshwa kanuni za Kilatini kwa Kilatini hicho hicho, lugha wasiyoijua, na kuadhibiwa kwa kukosa majina ya vitu ambavyo hawajapata kuonyeshwa. Comenius alishika neno moja maisha yake yote: jina na kitu visitengwe. Mtoto akipewa jina pasipo kitu, amepewa ganda bila kiini.

Maisha yake yalikuwa ya mashaka. Vita vya Miaka Thelathini vilipoanza mwaka wa 1618, yeye alikuwa mchungaji wa kanisa dogo lililokuwa likiteswa. Alilazimika kuikimbia nyumba yake. Tauni ikamwua mke wake na watoto wake wawili. Na mwaka wa 1628 akatoka katika nchi yake asirudi tena, akakaa Leszno katika nchi ya Polandi. Huko, mwaka wa 1631, alitoa kitabu cha kufundishia Kilatini, kikamfanya ajulikane Ulaya nzima. Lakini kitabu hicho hakikuwa na picha, na kwa watoto wadogo kilikuwa kizito. Hata alipokuwa akifundisha Sárospatak, katika nchi ya Hungaria, toka mwaka wa 1650 mpaka 1654, akatengeneza kingine kilicho chepesi zaidi. Fundi wa kuchonga picha zake hakupatikana kule, basi kazi ikapelekwa Nürnberg, mji wa Wajerumani, kwa mpiga chapa Michael Endter. Vibao vile vilichukua muda mrefu. Katika muda huo, mwaka wa 1656, mji wa Leszno ulichomwa moto vitani, na Comenius akapoteza nyumba, vitabu na maandiko yake, pamoja na kamusi ya lugha yake ambayo aliifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Akakimbilia Amsterdam. Kitabu kilichokuwa Nürnberg kilitoka mwaka wa 1658, na jina lake ni Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyotambulikana kwa macho na masikio na hisi nyingine, umechorwa.

Kitabu hiki kina sura 150, nazo zimepangwa kwa namna moja. Juu pana picha. Chini yake pana maneno katika safu mbili, Kilatini upande huu na Kijerumani upande huu. Chukueni mfano wa sura ya mhunzi. Katika picha yumo mhunzi mwenyewe, mna mivukuto, koleo, fuawe, nyundo, na cheche zinazoruka. Kila kitu kimetiwa tarakimu yake ndogo, na tarakimu hiyo hiyo imetiwa katika maneno, kando ya jina la kitu. Mtoto akisoma jina la koleo katika Kilatini, huona tarakimu; huinua macho, huitafuta katika picha, huiona mkononi mwa mhunzi; kisha hushuka tena kwenye maneno, ambako mhunzi anautoa moto chuma chake.

Kwa maoni yetu, fahari yote ya kitabu ni hizo tarakimu. Picha zenyewe si nzuri sana, nyingine ni ndogo na zimebanana mno. Vitabu vyenye picha nzuri kuliko hizo vilikuwako tangu zamani. Lakini katika vingi picha ilikaa pake na maneno yakakaa pake, kama majirani wasiozuriana. Comenius aliweka njia ya kupita baina yao, akamfanya mtoto apite njia hiyo mara kumi au ishirini katika ukurasa mmoja. Kwa kwenda na kurudi huko, jina lilishikamana na kitu, na kitu kikashikamana na vitu vilivyo jirani yake: koleo na chuma, chuma na fuawe, fuawe na nyundo.

Hata herufi alizifundisha hivyo. Kunguru amechorwa kando ya herufi A, kwa kuwa mlio wake wafanana nayo. Kondoo yuko kwenye B, kwa mlio wake. Nyoka yuko kwenye S. Katika dibaji aliwashauri wazazi wawape watoto kitabu hiki nyumbani, kabla ya siku ya kwanza ya shule, wazitazame picha kwa kujifurahisha tu. Tena aliwataka watoto waruhusiwe kuziiga kwa mkono. Wala hakudhani kwamba picha yatosha: vitu vilivyo haba alitaka viwekwe shuleni vyenyewe, ili mwalimu avionyeshe. Mwaka wa 1659 Charles Hoole alikifasiri kitabu kwa Kiingereza, kikaendelea kupigwa chapa kwa lugha nyingi, na Goethe, mshairi mkubwa wa Wajerumani aliyezaliwa mwaka wa 1749, alikitaja miongoni mwa vitabu vya utoto wake. Comenius alikufa mwaka wa 1670, ugenini.

Sasa tuondoke darasani twende bandarini, tuone picha ikifanya kazi nyingine, yaani kukaa moyoni mwa mtu mzima asiyetaka kuiona.

Katika miaka ya 1780 watu wengi katika Uingereza walikuwa wakipinga biashara ya watumwa iliyopita bahari ya Atlantiki. Vitabu na hotuba zilikuwa nyingi. Wafanyaji biashara nao walijibu kwa maneno, na maneno yao yalikuwa laini, hata msomaji wa mbali hakujua amwamini nani. Mwaka wa 1788 serikali ilimtuma nahodha Parrey aende Liverpool azipime merikebu za watumwa. Mojawapo iliitwa Brookes. Kwa vipimo hivyo kamati ya mji wa Plymouth ilipiga chapa mwezi wa Desemba 1788 karatasi yenye picha ya merikebu ile kama ionekanavyo kutoka juu, na watu wamelazwa ndani yake. Mwaka wa 1789 kamati ya London ikaitoa tena, kubwa zaidi na yenye sura nyingi za chombo kile. Watu zaidi ya 400 wamechorwa, bega kwa bega, kila mwanamume amepewa upana wa inchi 16. Chini yake maneno yalieleza kwamba hivyo ndivyo sheria mpya ya mwaka 1788 ilivyoruhusu, na kwamba kabla ya sheria hiyo merikebu ile ilipata kuchukua watu 609. Karatasi ilibandikwa kutani katika nyumba za watu na za kahawa. Thomas Clarkson, aliyekuwa mbele katika kazi ile, aliandika baadaye kwamba kila aliyeiona ilimshtua papo hapo. Bunge likapiga marufuku biashara ile mwaka wa 1807.

Angalieni jinsi picha na maneno yalivyosaidiana hapo. Inchi 16 ni hesabu. Mtu huisoma akaisahau. Picha humwonyesha inchi 16 hizo zikirudiwa mara mia nne. Lakini picha peke yake ingeweza kumdanganya mtu, akadhani kwamba imeonyesha uovu wa kupita kiasi, na kumbe maneno yanasema kwamba uliokwisha kufanyika ulikuwa mkubwa kuliko huo.

Walakini kuna jambo jingine, nasi hatupendi kulificha. Watu wale wamechorwa wote namna moja, wamenyamaza, hawana sura wala majina, wamepangwa kama samaki mekoni. Mtu aliyeikariri picha ile amekariri pia kwamba watumwa walikuwa kimya. Mwaka ule ule wa 1789 Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa akajikomboa, alitoa kitabu cha maisha yake. Humo mna harufu, mna vilio, mna watu waliokataa kula. Hayo mchoraji wa Plymouth hakuweza kuyatia katika kibao. Kwetu Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, habari za namna hiyo si ngeni; basi msomaji anayeiona picha ile katika kitabu cha historia na aikumbuke, lakini asiiachie peke yake kazi ya kusema.

Tufike sasa katika karne ya 20, ambapo wenye elimu ya nafsi walianza kupima kwa hesabu. Mwaka wa 1967 Mmarekani Roger Shepard aliwaonyesha watu picha zaidi ya 600, moja moja. Halafu akawaonyesha mbili mbili, moja ya zamani na moja mpya, waseme ipi waliiona. Walisema sawasawa karibu mara 97 katika kila 100. Kwa maneno walipata mara 88 hivi. Mwaka wa 1973 Lionel Standing aliongeza mpaka picha 10,000 kwa muda wa siku tano, na katika zile alizoziuliza, watu walitambua kama 83 kwa kila 100. Ni ajabu. Lakini kutambua sura si kufahamu habari: mtu aweza kuitambua sura ya nyumba aliyoipita kwa gari, asijue ni ya nani.

Jaribio linalogusa kufahamu lilifanywa na John Bransford na Marcia Johnson mwaka wa 1972, nalo ni la kuchekesha. Waliwasomea watu habari fupi: habari za maputo yatakayopasuka, sauti isiyofika, madirisha yaliyofungwa, na waya inayoweza kukatika. Kila neno lajulikana, lakini habari haieleweki kabisa. Kumbe pana picha yake. Kijana amesimama chini ya jumba la ghorofa nyingi, anapiga gitaa na kumwimbia mpenzi wake aliye juu dirishani. Na kipaza sauti kimeinuliwa na maputo mpaka dirishani pale, kimefungwa kwa waya. Waliosikia habari pasipo picha walikumbuka mambo kama 3.6 kati ya 14. Walioonyeshwa picha kwanza walikumbuka 8.

Sasa sikilizeni lililo muhimu zaidi. Wengine walionyeshwa picha ile ile, lakini baada ya kusikia. Hawakupata faida yoyote, walibaki na 3.6. Wengine walionyeshwa mapema picha yenye vitu vyote hivyo, kijana, gitaa, maputo na kipaza sauti, ila vimepangwa ovyo, kimoja hakihusiani na chenzake. Wakapata 4 tu. Basi kuviona vitu hakutoshi. Lazima picha ionyeshe vinavyohusiana, tena ije kabla maneno hayajapotea. Comenius aliiweka juu ya ukurasa, akawaambia wazazi waitangulize nyumbani. Naye hakuwa na hesabu yoyote ya kumthibitishia.

Mwaka wa 1982 W. Howard Levie na Richard Lentz walikusanya majaribio mengi ya wenzao, ulinganisho 46 wa maneno yenye picha na maneno yasiyo na picha. Karibu yote yalionyesha kwamba waliosoma penye picha walijifunza zaidi. Lakini faida ilikuwa katika yale mambo yaliyochorwa tu. Sehemu za habari ambazo picha haikuzigusa hazikupata faida wala hasara.

Hasara nayo iko. Mwaka wa 1967 S. Jay Samuels aliwapima watoto wanaoanza kusoma. Neno lililoandikwa kando ya picha yake walilisema upesi. Ilipoondolewa picha, walishindwa kuliko wenzao waliofundishwa neno tupu. Walikuwa wakiisoma picha, wala si herufi. Walimu wetu wa darasa la kwanza walijua hivyo zamani: mtoto husoma “kuku” kwa sauti kubwa huku macho yake yako kwenye mkia wa kuku. Dawa yake ni nyepesi, ni kuifunika picha kwa kiganja mara ya pili. Na mwaka wa 1998 Shannon Harp na Richard Mayer waliwapa wanafunzi habari za jinsi radi inavyotokea. Wengine waliongezewa picha na hadithi za kusisimua za vitu na watu waliopigwa na radi. Hao walikumbuka kidogo zaidi jinsi radi itokeavyo. Pambo liliiba nafasi ya habari.

Katika kanga zetu pambo halimdhuru mtu. Jina husema habari za jirani mwenye husuda, na pembeni pamechorwa korosho, wala hakuna aliyeinunua ili apate kusoma habari za korosho. Lakini katika kijitabu cha mbegu, au cha dawa ya mtoto mwenye kuharisha, picha iliyotiwa kwa ajili ya uzuri tu huenda ikamgharimu mtu. Mama atakumbuka kikombe kizuri chenye maua, asikumbuke ni vijiko vingapi.

Tena liko fungu la maneno ambalo halichoreki. Comenius alikutana nalo alipofika kwenye sura ya roho ya mwanadamu. Hakutaka kuiruka, maana kila sura ina picha yake. Mwishowe mchongaji akachora umbo la mtu kwa nukta nukta tu, hana uso, hana vidole vinavyohesabika. Mtoto aliyesoma maneno ya chini alifahamu kwamba hiki ni kitu kisichoonekana. Yule asiyeyasoma huenda alidhani kwamba fundi alikuwa amechoka, akaenda zake kabla ya kumaliza kazi.